Phanes, Chaos au Zeus: nani muumba kwa Wagiriki wa kale?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha fasihi simulizi kidato cha tano na naandaa somo la kulinganisha visasili vya uumbaji. Upande wa Wagiriki nimekwama. Mahali pamoja nimesoma kwamba mwanzo ulikuwa Chaos. Pengine wanasema muumba ni Phanes, aliyetoka kwenye yai lililotagwa na Kronos, baba yake Zeus. Wengine tena wanasema Zeus alimmeza Phanes ndipo akaumba kila kitu. Nina picha ya kijana mwenye mabawa aliyezungukwa na nyoka, na nyingine ya sarafu ya kale yenye jina la Phanes. Hasa muumba ni nani? Na je, naweza kuwaambia wanafunzi kwamba Phanes ndiye Mungu Mmoja Muumba kwa Wagiriki? Sitaki kuwafundisha uongo.*

Marahaba, mwalimu. Tatizo si wewe kutoelewa. Umepewa vipande vya simulizi zaidi ya moja vilivyoshonwa pamoja kana kwamba ni simulizi moja, na juu yake kuna kosa la jina. Jibu fupi ni kwamba Wagiriki hawakuwa na muumba mmoja waliyekubaliana. Katika simulizi iliyojulikana zaidi kwao hakuna muumba kabisa. Phanes ni muumba katika mashairi ya mapokeo mamoja tu, yale yaliyopewa jina la Orpheus, na hata humo kazi yake inakuja kufanywa upya na Zeus. Hilo la kumezwa, ambalo huenda uliliona kama kichekesho cha pembeni, ndilo lililobeba kisa chote, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kwanza tusahihishe jina. Aliyetengeneza yai ni Chronos, yaani Wakati. Kronos, baba yake Zeus, ni mwingine: ni Titani, mmoja wa miungu ya kizazi kilichomtangulia Zeus, mtoto wa Ouranos (Mbingu) na Gaia (Dunia), yule aliyewameza watoto wake mmoja baada ya mwingine. Kwa Kigiriki majina hayo huanza kwa herufi mbili tofauti, ila masikio hayatofautishi sana, na Wagiriki wenyewe baadaye walipenda kuwachanganya kwa makusudi. Katika mashairi ya Orpheus wote wawili wamo na wako mbali: Chronos yuko mwanzo kabisa, Kronos anakuja kutawala wa nne. Ukiwaunganisha, Zeus anakuwa mtoto wa aliyefanya yai, na nasaba nzima inaanguka. Tena yai hilo halikutagwa. Shairi linasema Chronos mkuu alilitengeneza katika etha, ile hewa angavu ya juu, na yai lilikuwa jeupe kama fedha. Yai lililotagwa lipo pia, ila ni la mtu mwingine, nitalifikia.

Sasa Chaos. Huyu anatoka katika Theogonia ya Hesiodos, shairi la mistari elfu moja na kidogo lililotungwa karibu mwaka 700 KK. Mstari wa 116 unasema kwanza kabisa alitokea Chaos, kisha Gaia (Dunia), Tartaros wa kilindini, na Eros. Tahadhari na neno "vurugu", ambalo vitabu vingi hulitumia kumweleza. Chaos wa Hesiodos ni mwanya, uwazi mkubwa uliopasuka wazi. Hakuna vitu vilivyovurugika humo kwa sababu vitu bado havijakuwepo. Wala Chaos haumbi. Baada yake kila kitu huzaliwa: Gaia anamzaa Ouranos peke yake bila mume, kisha anazaa naye, na kuendelea. Huko ulimwengu ni ukoo, na swali la "nani aliuumba?" Hesiodos hakuliuliza.

Mapokeo ya Orpheus ndiyo yaliyouliza kitu kinachokaribia hilo. Orpheus ni mwimbaji wa hekaya. Mashairi yaliyobandikwa jina lake yalitungwa na watu wasiojulikana, kwa karne nyingi, na yalizunguka kama vitabu kati ya watu waliotaka kutakaswa na kuandaliwa kwa maisha ya baada ya kifo. Hapa ndipo waandishi wa intaneti huteleza, kwa sababu hatuna kitabu kimoja kizima cha kisa cha Phanes. Tuna vipande, na vipande hivyo vinapishana umri kwa karibu miaka elfu moja.

Cha kale zaidi chenye tarehe isiyo na ubishi ni mzaha. Mwaka 414 KK, katika tamthilia ya Ndege ya Aristophanes, ndege wanajidai kwamba wao ni wakubwa kuliko miungu: hapo mwanzo Usiku mwenye mabawa meusi alitaga yai kifuani mwa Erebos, yaani Giza, na humo akatoka Eros anayemetameta kwa mabawa ya dhahabu. Hilo ndilo yai lililotagwa. Jina la Phanes halimo, lakini mzaha haueleweki kama watazamaji wa Athens hawakuwa wameshasikia kisasili cha namna hiyo. Utumie kama ushahidi kwamba yai lilijulikana. Usiutumie kama mafundisho ya dini, maana wanaosema ni ndege na wana masilahi yao.

Kinachofuata ni mafunjo ya Derveni, yaani maandishi ya kale kwenye karatasi za matete. Yaligunduliwa mwaka 1962 karibu na Thessaloniki, katika mabaki ya moto wa kuchomea maiti. Moto huo ndio uliyaokoa: yaligeuka mkaa, na mkaa hauozi katika udongo wenye unyevu kama wa Ugiriki. Nakala hiyo ni ya karne ya 4 KK, na maandishi yenyewe huenda yakawa ya mwishoni mwa karne ya 5. Yamo makumbushoni Thessaloniki, na mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ndani yake mtu asiyejulikana anafafanua shairi la Orpheus mstari kwa mstari, na humo tunamkuta "mfalme mzaliwa wa kwanza", Protogonos kwa Kigiriki, ambaye miungu yote, mito na chemchemi viliota juu yake. Jina Phanes halisomeki katika safu zilizosalia, wala yai halimo.

Phanes kamili, mwenye yai, mabawa na umbo lote, anapatikana katika shairi refu liitwalo Rhapsodia, lenye sehemu 24. Nalo limepotea. Tunalijua kwa sababu wanafalsafa wa mwisho wa Kiplato, wafuasi wa mwanafalsafa Plato, walilinukuu sana, hasa Proclus (412–485 BK) na Damascius, aliyekuwa mkuu wa shule ya Athens wakati mfalme Justinian alipoipiga marufuku mwaka 529. Kwa hiyo ukisoma "Wagiriki wa kale waliamini Phanes ana macho manne", jua kwamba walioyaandika hayo mpaka yakatufikia wengi wao waliishi miaka mia nane au zaidi baada ya Aristophanes. Mistari yenyewe inaweza kuwa ya kale kuliko wao. Ya kale kiasi gani, wataalamu bado wanabishana.

Kisa cha Rhapsodia kinakwenda hivi. Mwanzo ni Chronos, asiyezeeka. Kwake zinatoka Etha na genge kubwa lisilo na mwisho wala chini. Ndani ya Etha Chronos anatengeneza yai. Yai linapasuka, Phanes anachomoza, na mwanga unatapakaa. Hakuna aliyemwona kwa macho isipokuwa Usiku mtakatifu; wengine wote walistaajabu kuona tu mwanga wasioutarajia angani. Ni huntha, ana nguvu ya kiume na ya kike, ndiyo maana anaweza kuzaa bila mwenzi. Ana mabawa ya dhahabu, macho manne yanayotazama kila upande, na vichwa vya wanyama: kondoo dume, fahali, simba na nyoka. Majina yake ni mengi: Protogonos, Erikepaios, Metis, Eros. Usishangae Eros wa Hesiodos akijitokeza hapa. Mapokeo ya Orpheus yalimchukua yule nguvu ya kupenda akapandishwa cheo kuwa chanzo.

Anachokifanya Phanes ni uumbaji kwa maana halisi ya kupanga na kutengeneza. Analiweka jua kuwa mlinzi wa ulimwengu. Anaunda mwezi, na shairi linaueleza kama dunia nyingine isiyo na mipaka, yenye milima mingi, miji mingi na nyumba nyingi. Wanafunzi wako wataupenda mstari huo. Kizazi cha watu wa dhahabu nacho ni chake. Kisha anamkabidhi Usiku fimbo ya enzi na kujitenga. Baada ya Usiku anatawala Ouranos, kisha Kronos, kisha Zeus, na wa sita ni Dionysos.

Hapo ndipo linapozuka tatizo ambalo watunzi walilazimika kulitatua. Zeus ni wa tano. Mji baada ya mji ulimtolea kafara yeye, na hekaluni aliitwa baba wa miungu na watu. Ila kwa nasaba hii Zeus alipozaliwa alikuta jua limeshawekwa, mwezi umeshaundwa, bahari imejaa. Vipi mtawala aliyekuja baadaye hivyo awe pia chanzo cha vyote? Hesiodos aliridhika kwamba Zeus alishinda vita na kugawa vyeo. Watu wa Orpheus hawakuridhika.

Zeus anakwenda kwa Usiku, aliye mlezi na mtabiri, na kumwuliza: nitafanyaje vitu vyote viwe kimoja, na wakati huohuo kila kimoja kiwe mbali na kingine? Usiku anamwelekeza: vizungushie vyote Etha, katikati uweke mbingu, nchi, bahari na makundi ya nyota, kisha uvifunge kwa mnyororo wa dhahabu. Zeus anafuata kwa kummeza Phanes. Pamoja na Phanes vinaingia tumboni mwake etha, mbingu, bahari, nchi, Tartaros, mito, na miungu yote iliyokuwepo na itakayokuwepo. Kwa muda huo hakuna kitu nje yake. Ndipo mashairi yanapoimba kwamba Zeus ni wa kwanza, Zeus ni wa mwisho, Zeus ni kichwa, Zeus ni katikati, na kwa Zeus vyote vimetimia. Baada ya hapo anavitoa tena kwenye mwanga, safari hii vikiwa kazi yake.

Kwa hiyo vyanzo vyako viwili, kile kinachosema Phanes na kile kinachosema Zeus, vyote vimesoma kisa kilekile. Kimoja kiliishia katikati. Ulimwengu wa mapokeo haya umeumbwa mara mbili. Kumezwa hakumwangamizi Phanes, kunamhamishia Zeus ukwanza wake. Angalia pia jinsi watunzi walivyotumia kitu ambacho msikilizaji alikijua: kwa Hesiodos Zeus alimmeza mkewe Metis ili asizaliwe mwana wa kumpindua, na nimekutajia hapo juu kwamba Metis ni mojawapo ya majina ya Phanes. Si bahati nasibu.

Kuna ubishi mmoja unaopaswa kuujua ingawa darasani utaupitia kwa adabu. Katika mafunjo ya Derveni, neno linaloeleza alichokimeza Zeus linaweza kusomwa kwa njia mbili: "mheshimiwa", yaani Protogonos mwenyewe, au kiungo cha uzazi cha Ouranos. Wataalamu wazito wako pande zote mbili. Wa upande wa pili wanakumbusha kisasili cha Wahiti wa Anatolia (Uturuki ya leo), ambamo mungu Kumarbi anaking'ata na kukimeza kiungo cha mungu wa mbingu. Mimi naona usomaji wa pili una nguvu kwa Derveni, huku Rhapsodia zikisema wazi kwamba anayemezwa ni Phanes. Lakini usiliweke kwenye mtihani.

Sasa swali lako gumu: ni Mungu Mmoja Muumba? Hapana, na nakushauri usiseme hivyo hata kwa kurahisisha. Phanes ana mwanzo, ametoka kwenye yai ambalo mwingine amelitengeneza. Haumbi pasipo kitu, maana Etha na genge vilikuwepo kabla yake. Anakabidhi madaraka, anamezwa, na hakuwahi kudai aabudiwe peke yake. Mwanafunzi Mwislamu au Mkristo akisikia "muumba" moja kwa moja huweka humo kila alichofundishwa madrasa au kanisani, kisha hashangai tena pale anapopaswa kushangaa. Ni kweli wimbo ule wa "Zeus ni wa kwanza, Zeus ni wa mwisho" unasogea karibu na wazo la mmoja aliye vyote. Hata hivyo umoja huo ni wa kuvibeba vyote ndani, kisha miungu mingine inatoka tena na kuendelea na kazi zake. Ukilinganisha na kisasili cha Gikuyu na Mumbi, Ngai ana mamlaka tangu mwanzo na hagombanii kiti na mtu. Kisa cha Kigiriki karibu chote ni suala la urithi wa kiti. Hapo ndipo ulinganishi wako utakapokuwa na nyama.

Usimchanganye pia na fundi muumba wa Plato katika Timaios. Yule ni hoja ya kifalsafa ya karne ya 4 KK: fundi anayetazama mfano wa milele na kuipanga maada iliyokuwepo. Proclus na wenzake ndio waliowaunganisha hao wawili baadaye, kila mmoja akipewa daraja lake.

Picha yako ya kijana na nyoka bila shaka ni mchongo wa marumaru wa karne ya 2 BK ulioko Galleria Estense, mjini Modena, Italia. Angalia kama ina alama hizi: nusu mbili za yai zenye miale ya moto, moja juu ya kichwa na nyingine chini ya miguu, uso wa simba kifuani, miguu yenye kwato, mkanda wa mviringo wenye buruji 12, na vichwa vya pepo nne kwenye pembe. Shida ni kwamba mchongo huo ulikuja kumilikiwa na waumini wa Mithras, dini ya siri iliyopendwa na askari wa Kirumi. Hilo si la kushangaza, kwani mjini Rome kuna maandishi yanayomwita mungu mmoja Zeus-Helios-Mithras-Phanes, na kwenye ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, kulipatikana mchongo wa Mithras akitoka kwenye yai. Kwa hiyo chini ya picha andika "Phanes, pengine akiwa amefananishwa na Mithras", na uwaambie wanafunzi kwamba ni kazi ya Kirumi.

Sarafu iache. Ni ya elektramu, mchanganyiko wa asili wa dhahabu na fedha, ya mwishoni mwa karne ya 7 KK kutoka pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo. Ina paa dume anayekula majani na maneno "mimi ni alama ya Phanes". Phanes lilikuwa pia jina la watu wa kawaida. Mwanahistoria Herodotos anamtaja Phanes wa Halikarnassos, askari wa kukodiwa aliyemsaidia Kambises, mfalme wa Uajemi, kuivamia Misri mwaka 525 KK. Maelezo mepesi ni kwamba sarafu inamtaja aliyeitoa, tajiri au ofisa fulani. Wapo waliowaza mungu, lakini hakuna yai, hakuna mabawa, na hakuna sababu ya kulazimisha.

Kwa vipindi viwili vya dakika 40, nisingesimulia kila kitu. Chora ubaoni safu tatu: Hesiodos, Derveni, Rhapsodia, kila moja na tarehe yake juu. Uliza maswali manne tu: nini kilikuwa cha kwanza, yai lipo, nani anatengeneza, Zeus anammeza nani. Derveni itabaki na nafasi tupu kwenye yai. Iache tupu, usiijazie kwa Rhapsodia, kwa sababu kujaziana huko ndiko kulikokuletea mkanganyiko. Dakika 25 za mwisho zitoshe kwa kumezwa na sababu zake. Na katika majibu dai kila sentensi ianze na chanzo: "Kwa mujibu wa Rhapsodia za Orpheus, Phanes..." Anayeandika "Wagiriki waliamini..." apunguziwe alama. Jiandae pia kwa vijana wanaolijua jina la Phanes kutoka kwenye michezo ya kompyuta. Humo limeazimwa tu na kupewa kisa kingine.

Ukitaka kitu cha kusoma kwa sauti, chukua wimbo wa 6 katika Nyimbo za Orpheus, mkusanyo wa sala 87 wa karne za mwanzo BK. Unamwita Protogonos mwenye asili mbili, mzaliwa wa yai, mwenye kufurahia mabawa ya dhahabu, na unaagiza achomewe manemane. Manemane hiyo ilinunuliwa pwani ya Somalia na kusini mwa Uarabuni. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK unaotaja soko la Rhapta kwenye pwani yetu unaorodhesha na bandari za manemane.

Kwa somo la darasani hayo yanatosha. Ukiwa unaandika kitabu cha kiada au tasnifu, usitegemee jibu langu wala tafsiri moja ya Kiingereza. Tafuta mtu wa kukaa naye mezani. Wahadhiri wa Agano Jipya katika vyuo vya teolojia wanasoma Kigiriki na watakusaidia majina na matamshi, ingawa lugha ya mashairi haya ni ya Homer na itawapa taabu. Kwa mistari yenyewe unahitaji mwalimu wa Kigiriki cha kale; kwa ukanda wetu, Chuo Kikuu cha Malawi kule Zomba kimekifundisha kwa miaka mingi. Na kama mzazi au kiongozi wa dini atahoji kwa nini mnafundisha miungu ya Wagiriki, mwalike aketi kipindini badala ya kujibizana kwa simu. Unapomwendea mhadhiri, nenda na namba ya kipande, si anwani ya ukurasa wa intaneti. Mikusanyo inayotumika ni miwili, wa Otto Kern wa 1922 na mpya wa Alberto Bernabé, na namba zake hazilingani: yai la Chronos ni kipande cha 70 kwa Kern, cha 114 kwa Bernabé. Andika zote mbili.